Kitendawili cha Mnara wa Saa: Maktaba na Wasomaji Wake Mtandaoni

Chukua picha mbili za mji wa Unguja zilizopigwa kutoka baharini, zote zikionyesha Beit al-Ajaib, jumba lile kubwa lenye roshani za kuzunguka na nguzo ndefu za chuma. Katika picha ya kwanza kuna mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Katika ya pili mnara huo haupo. Badala yake kuna mnara wa saa uliojengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Picha zote mbili hazina tarehe. Ipi ilitangulia?

Anayeijua historia ya Unguja hapati tabu. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga kwa mizinga majumba ya sultani, na ule mnara wa mbele ukaharibika. Majumba yalipofanyiwa matengenezo, mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa sehemu ya Beit al-Ajaib. Basi picha yenye mnara uliojitenga ni ya kabla ya matengenezo hayo, na ile nyingine ni ya baadaye. Mtu amesoma tarehe kwenye picha isiyo na tarehe, na hakutumia kifaa chochote zaidi ya macho yake na alichokisoma.

Swali kama hilo linaingia katika mistari miwili ya Facebook. Ukilitazama kwa makini, ndani yake mna karibu kila kitu ambacho maktaba hukitafuta inapofungua ukurasa mtandaoni: watu wanatazama, wanabishana, wanakumbuka, na mmoja wao anataka kujua zaidi. Hata hivyo kurasa nyingi za maktaba zetu hazina maswali ya namna hii. Zina saa za kufungua na kufunga, picha za mgeni rasmi akikata utepe, na salamu za sikukuu. Hayo ni matangazo, na tangazo halimwombi msomaji afanye lolote. Hulipita kama anavyolipita bango la barabarani.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni chemsha bongo ya historia, na ni pendekezo zuri. Ugumu wake ni kwamba chemsha bongo ziko za aina nyingi, na tofauti kati yao si ndogo.

Mji kwanza, jibu baadaye

Mambo haya hatuyaanzi sisi leo. Mtoto wa pwani au wa bara amekulia kwenye "Kitendawili!" na "Tega!" Mtegewaji akishindwa hutoa mji, na mtegaji hakimbilii kutoa jibu. Huupokea kwanza mji aliopewa, akasimulia alivyokwenda huko, alivyokaribishwa na alichokula, huku wote wakisubiri. Jibu huja mwisho. Wazee walijua kwamba utamu wa swali uko katika ule muda wa kutojua, na kwamba anayetoa jibu anadaiwa pia safari.

Posti nyingi za "Je, wajua?" huuvunja utaratibu huu. Swali na jibu vimo katika sentensi moja, kwa hiyo msomaji hana kazi iliyobaki. Atabonyeza laiki na kuendelea zake. Maktaba inayotaka kuzungumza na watu iache swali likae siku nzima, au hata mbili. Jibu litakapokuja lije na safari yake: ni kitabu gani, kiko rafu ipi, ukurasa wa ngapi, na kuna nini kingine jirani yake. Namba ya rafu ikiwekwa chini ya jibu, msomaji anakuwa na njia ya kuufikia mlango wa maktaba. Isipowekwa, ukurasa wa maktaba hautofautiani na kurasa elfu moja za burudani.

Tuchukue lile tukio la 1896, maana ndilo jambo la historia ya Zanzibar linaloshewa kuliko mengine: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Watu hucheka kidogo, wakapita. Lakini kwa nini 38, na kwa nini kwingine utakuta 40 au 45? Hesabu hutegemea unaanzia wapi na unaishia wapi. Muda wa onyo la Waingereza ulikwisha saa 3 kamili asubuhi, na mizinga ikaanza saa 3 na dakika 2. Mmoja huanza kuhesabu kwenye onyo, mwingine kwenye mzinga wa kwanza, na wanatofautiana pia kuhusu lini hasa vita viliisha. Na papo hapo kuna mtego mwingine kwa anayefasiri harakaharaka: maandishi ya Kiingereza yanasema saa "tisa", naye akiandika saa 9, msomaji wa Kiswahili ataona mabomu yakianguka alasiri. Kosa dogo kama hilo likiingia katika ukurasa wenye nembo ya maktaba, litanukuliwa kwenye insha za wanafunzi kwa miaka mingi.

Kisha kuna watu. Katika dakika hizo Wazanzibari wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika kiti baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki siku mbili kabla, alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, na huko akakaa hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Walimpeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena, na mwishowe alifia Mombasa mwaka 1927. Msomaji aliyeingia kwa ajili ya dakika 38 anaweza kutoka akiwa na maisha ya mtu mzima mkononi, pamoja na sababu ya kwenda kuuliza vitabu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chemsha bongo inadhalilisha historia. Inaidhalilisha pale tu inapoishia kwenye namba.

Swali ambalo maktaba yenyewe hailijui

Aina ya pili ya swali ni adimu zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo yenye thamani kubwa: pale maktaba inapouliza kwa sababu kweli haijui.

Mfano unaofahamika kuliko yote ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Tarehe 16 Januari 2008 iliweka picha zipatazo 3,100 katika Flickr, mtandao wa kushea picha, na kuwaomba watu waseme wanachokiona. Sehemu moja ilikuwa picha za rangi za miaka ya 1930 na 1940. Nyingine ilitoka kwa shirika la habari la George Grantham Bain la New York, picha za miaka ya 1910 zilizobaki kwenye vioo vilivyotumika kama filamu. Maelezo ya zile za Bain yalikuwa machache mno: mara nyingi ni jina tu lililoandikwa kwenye kioo, tena pengine limekosewa herufi.

Ndani ya miezi kama kumi, picha hizo, ambazo wakati huo zilikuwa zimeongezwa zikawa zaidi ya 4,600, zilitazamwa zaidi ya mara milioni 10. Watu waliandika komenti 7,166 na kubandika maneno ya utambulisho 67,176. Takwimu hizi hunukuliwa sana, lakini mimi huvutiwa na mbili nyingine ambazo hazisemwi. Ya kwanza: komenti na maandishi mabaya yaliyolazimu kufutwa hayakufika 25. Ya pili: rekodi zaidi ya 500 katika katalogi ya maktaba yenyewe zilirekebishwa kutokana na waliyosema wasomaji, na kila rekodi ikaandikwa kwamba taarifa hiyo ilitoka kwenye mradi wa Flickr.

Hiyo ya pili ndiyo iliyofanya kazi nzima iwe na maana. Mtu wa kawaida alitazama sura kwenye kioo, akatafuta gazeti la siku zile, akakuta jina, tukio na tarehe, akaweka kiungo cha gazeti chini ya picha. Mkutubi akafungua kiungo, akalinganisha, akaridhika, akasahihisha rekodi. Kesho yake mtafiti wa mbali ambaye hajawahi kuisikia Flickr akaipata picha ile kwa jina lake sahihi. Mazungumzo yalianzia mtandaoni, yakaishia kwenye katalogi.

Australia ilipita njia jirani. Maktaba ya Taifa ya huko tangu 2008 imewaacha wasomaji wasahihishe wenyewe maandishi ya magazeti ya zamani yaliyoskaniwa, kwa kuwa kompyuta husoma vibaya wino uliofifia. Mtu akiona mashine imeandika upuuzi, hubonyeza na kuandika neno sahihi. Hakuna zawadi kubwa. Watu hufanya kwa sababu wanautafuta ukoo wao au mji wao, na wanafurahi kuacha njia safi kwa anayewafuata.

Picha zetu, na wanaozijua

Sasa tulete jambo hili nyumbani, maana kwetu lina uzito wa pekee. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Evanston, Illinois, kina mkusanyiko wa Winterton: picha 7,610 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Zimeskaniwa na zinaonekana mtandaoni. Zipo za Unguja, Mombasa, reli, misafara, shule za misheni na masoko. Walioziweka katika albamu walikuwa maofisa, wamisionari, wafanyabiashara na wasafiri wa Kizungu, na albamu za namna hiyo zina tabia moja: Mzungu aliyeketi kitini huandikwa jina na cheo, ila watu waliosimama nyuma yake huandikwa kazi yao au kabila lao, au hawaandikwi kabisa.

Waliosimama nyuma wana wajukuu. Wako Mombasa, Lamu, Tanga na Bagamoyo. Wako pia Muscat, katika familia zilizohama Unguja na bado huzungumza Kiswahili mezani. Kuna bibi anayeweza kutazama mlango uliochongwa akasema ni wa mtaa gani. Kuna fundi anayejua jahazi kwa umbo la shetri lake. Ujuzi huu haumo katika katalogi ya Evanston, wala haumo katika nyingi za kwetu, na kila mwaka tunauzika.

La kusikitisha ni kwamba mazungumzo yenyewe tayari yapo. Picha za zamani huzunguka kila siku katika magrupu ya WhatsApp ya ukoo na ya mtaa. Mtu hutuma picha ya barabara, mwingine anajibu kwa sauti: hapo palikuwa na duka la fulani, mti ule ulikatwa mwaka wa mvua kubwa, huyo mwenye kofia ni mjomba. Dakika mbili baadaye unakuja mchango wa harusi, ujumbe unapanda juu, na mwezi ukiisha simu imefutwa ili kupata nafasi. Jibu la kweli lilitolewa na likapotea, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulipokea.

Maktaba ndiyo ingeweza kuwa huyo mtu. Na kama inataka kweli kuwa hivyo, ikubali kwamba mzee haandiki komenti, bali anatuma sauti. Kazi ya mkutubi hapo ni kusikiliza, kuandika kilichosemwa kwa maneno ya msemaji, kumuuliza kama jina lake liwekwe au lisiwekwe, na kuihifadhi sauti yenyewe penye kompyuta ya maktaba. Picha iwe nyepesi ili isimalize bando la mtu. Na swali liulizwe kwa Kiswahili. Ukurasa wa maktaba ya umma unaouliza kwa Kiingereza juu ya Forodhani au Kariakoo umewafungia nje walewale wenye majibu.

Wala si lazima kila kitu kitoke kwenye picha. Magazeti ya Kiswahili ni ghala lisilokwisha. Msimulizi lilichapwa Kiungani, Unguja, kuanzia 1888. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, enzi za Wajerumani. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 na likasomwa na kizazi kizima cha Tanganyika. Weka tangazo moja la zamani au ubeti mmoja wa shairi la msomaji, ficha neno moja, uliza lilikuwa neno gani. Walimu wa Kiswahili watabishana mpaka usiku, ubishi wa heri.

Kusadiki na kusahihisha

Watu wakijibu, shida ya pili inaanza: nani amesema kweli? Kumbukumbu ni kitu chenye thamani, lakini huchanganya miaka, na familia hupenda babu yao awe karibu na mfalme kuliko alivyokuwa. Kwa hiyo neno la mtu mmoja liandikwe kama neno la mtu mmoja. "Kwa mujibu wa msomaji wa Tanga, huenda hii ni stesheni ya..." Hilo "huenda" lina kazi kubwa. Likipatikana gazeti, ramani au shahidi wa pili asiyemjua wa kwanza, ndipo liondolewe. Maelezo ya zamani yasifutwe hata kama yamekosea au yana matusi ya kikoloni; yaachwe yakionekana, na masahihisho yawekwe juu yake pamoja na tarehe, ili anayekuja aone nani alisema nini, na lini.

Maktaba ikikosea, iseme hapohapo ilipokosea. Posti isifutwe kimyakimya. Msomaji aliyeona maktaba ikikiri kosa la mwaka au la jina huiamini zaidi wiki inayofuata.

Kuna pia mambo yasiyofaa kufanywa mchezo. Picha za watu waliofungwa minyororo, picha za wanawake walizopigwa bila hiari yao, picha za waliouawa katika mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964: hizo zina mahali pake katika maktaba, zikiwa na maelezo marefu na heshima, lakini si kwenye "Jibu sahihi linapata zawadi ya vocha." Watoto wao wako hai na wanasoma ukurasa huohuo.

Na chemsha bongo yaweza kuficha kuliko inavyofichua. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ina simba wawili wa mawe mlangoni, na swali rahisi ni kuhusu simba hao. Litapata majibu mengi. Lakini swali ambalo jengo lile linaliuliza ni jingine: nani aliruhusiwa kupita kati ya simba hao? Jibu ni kwamba kwa miongo kadhaa walikuwa Wazungu tu. Mwafrika aliingia pale ukoloni ulipokuwa unaelekea ukingoni. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilichukua kazi ya kuikarabati maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Uliza habari za simba, haina ubaya. Ila jibu lifike mlangoni.

Nyumba ya kupanga

Mitandao hii ina mashine zinazoamua posti ipi ionekane, na mashine hizo hupenda posti yenye komenti nyingi. Haziulizi kama komenti ni za elimu au ugomvi. Anayeendesha ukurasa ataona upesi kwamba swali la "kabila gani lilitangulia kufika hapa" linapanda kuliko swali la mnara wa saa, na atashawishika. Asishawishike. Ugomvi huleta watu wasiorudi.

Tena ukurasa ule si mali ya maktaba. Flickr ilikuwa ya Yahoo wakati mradi wa 2008 ulipoanza; mwaka 2018 iliuzwa kwa kampuni nyingine ya picha, SmugMug, na masharti ya akaunti za bure yakabadilika. Picha za taasisi zile zilinusurika, lakini mpangaji yeyote anajua maana ya kubadilika mwenye nyumba. Majibu ya wasomaji yanakiliwe kila mwezi na kuwekwa nyumbani, kwenye katalogi au hata kwenye jalada la kawaida lenye namba ya picha.

Kwa sababu hiyohiyo sizipi uzito mkubwa laiki wala idadi ya wafuasi. Napenda zaidi kujua ni watu wangapi waliomwambia mkutubi "niliona kile kitabu mtandaoni," na ni rekodi ngapi zimesahihishwa tangu Januari. Namba hizo zitakuwa ndogo, pengine tatu, pengine kumi na mbili.

Maktaba ya Umma ya New York ilipata hazina yake bila kuitafuta. Mwaka 2014 wafanyakazi walikuta kisanduku cha kadi zenye maswali ambayo wasomaji waliuliza kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980. Mwaka 1944 kuna aliyeuliza kama mtu anaweza kufuga pweza nyumbani. Mwingine alitaka kujua maana ya kuota unafukuzwa na tembo. Maktaba ikaanza kuzionyesha kadi hizo Instagram, na watu wakazipenda mno, maana kila mtu alijiona ndani yake. Hakuna aliyezitunga kwa ajili ya mtandao. Mkutubi mmoja, miaka mingi kabla, alisikia swali, akaliandika kwenye kadi, akaitia kisandukuni.

Maswali ya namna hiyo yanaulizwa leo kwenye meza za maktaba za Tabora, Kisumu na Bujumbura, na hayaandikwi popote. Daftari la kurasa mia, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isichukuliwe, na safu tatu: tarehe, swali, kitabu alichoelekezwa. Jina la muulizaji halihitajiki.